Madaftari ya mwakilishi wa wafanyakazi yasiachiwe mchwa

Kwa Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji nieleze habari ya madaftari 11 yaliyoachwa na marehemu baba yangu, aliyekuwa askari wa Keya katika Vita vya Pili vya Dunia, kisha mfanyakazi wa kiwanda cha kukamua mafuta ya nazi mjini Mombasa kwa miaka 30, na kwa miaka 19 ya mwisho kati ya hiyo akawa mwakilishi wa wafanyakazi wenzake mbele ya mwajiri. Naamini kwamba katika nyumba nyingi za Malindi, Mambrui, Ganda na Gongoni zimo karatasi za aina hiyo hiyo, yaani kadi za chama, barua za onyo, hesabu za siku za kazi, na kwamba zinaliwa na mchwa wakati ambapo wajukuu wa wenyewe wanazihitaji. Ombi langu kwa makumbusho yetu ya Malindi, kwa serikali ya kaunti na kwa vyama vya wafanyakazi ni kwamba zikusanywe, zisomwe na zihifadhiwe kabla hatujaondoka sisi tunaojua kuzisoma.

Kilichonirudisha kwenye sanduku la baba ni shida ya mjukuu wangu. Kijana huyu alifanya kibarua katika kiwanda kimoja cha huku kwetu pwani kwa miezi 14, akilipwa kila Jumamosi kwa simu, na kila baada ya miezi mitatu akiambiwa apumzike wiki moja kisha arudi kana kwamba ndiyo kwanza anaajiriwa. Jioni moja mlinzi wa lango akamwambia kwamba jina lake halimo tena. Hakupewa barua, hakuelezwa kosa, wala hakuitwa ofisini na mtu yeyote. Alikuja kwangu usiku ule ule, akakaa barazani kimya kwa muda mrefu, kisha akaniuliza, "Bibi, nitakwenda kulalamika na nini, nami sina hata karatasi moja?" Nikamuuliza kama aliandika siku alizofanya kazi. Akasema hakuandika, kwani hakuna aliyepata kumwambia aandike.

Jibu lile liliniuma sana. Katika nyumba hiyo hiyo aliishi, tangu alipostaafu mwaka 1978 hadi alipofariki mwaka 1994, mtu ambaye hakuacha siku ya kazi ipite bila kuiandika, na mimi binti yake, niliyewafundisha watoto wa watu kusoma na kuandika kwa miaka 34, sikumrithisha mjukuu wangu mwenyewe desturi ile. Usiku ule nilivuta sanduku la bati kutoka uvunguni mwa kitanda. Mchwa walikwisha kuingia kwenye pembe moja.

Baba alizaliwa Mambrui miaka ya mwanzo ya 1920, akasoma chuoni hadi akahitimu Kurani, na alikuwa kijana wa kwenda baharini na wavuvi wakati ndege za Italia zilipoipiga Malindi kwa mabomu mwaka 1940. Mwaka 1942 akaingia jeshini. Keya ndilo jina ambalo watu wetu walilipa jeshi la King's African Rifles, na Waafrika wa Kenya waliotumikia jeshini katika vita vile walikaribia laki moja. Alipelekwa Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka, akiwa katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, na kutoka huko mwaka 1944 akapelekwa Burma.

Sisi watoto tulipomwomba hadithi za vita tulitaka kusikia habari za bunduki, naye akatueleza habari za mvua. Divisheni ile ililishuka bonde la Kabaw katika msimu wa mvua kubwa za huko, njia zikiwa matope matupu, watu wakipambana na Wajapani na malaria kwa wakati mmoja, na chakula chao kikidondoshwa kwa miavuli kutoka kwenye ndege. Mwezi wa Desemba 1944 walifika Kalewa, kwenye mto Chindwin, na hapo wahandisi wa jeshi wakaunga daraja la vyuma lenye urefu wa futi 1,154, ambalo wakati huo lilikuwa refu kuliko madaraja yote ya namna yake. Baba alilivuka kwa miguu akihesabu hatua zake, na idadi ya hatua hizo aliikumbuka hadi uzeeni. Sielewi ni tabia aliyozaliwa nayo au ni jeshi lililomfunza, lakini alikuwa mtu wa kuhesabu.

Jambo lililomfanya aanze kuandika lilitokea kabla ya daraja lile, na tena yeye mwenyewe hakuwapo. Tarehe 12 Februari 1944 nyambizi ya Kijapani iliizamisha meli ya Khedive Ismail, iliyokuwa imetoka Mombasa kuelekea Colombo, na watu wapatao 1,300 wakafa maji katika dakika chache. Wengi wao walikuwa askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. Miongoni mwao alikuwamo kijana wa Mambrui ambaye baba aliandikishwa naye siku moja. Baba aliporudi nyumbani mwaka 1946, mama wa kijana yule alimjia kumuuliza ni siku gani, na ilikuwa asubuhi au usiku, kwani alitaka kujua tarehe ya kumsomea mwanawe hitima kila mwaka. Baba hakuwa na la kumjibu. Habari za meli wakati wa vita hazikutangazwa ovyo, na barua aliyopewa mama yule ilisema machache sana. Miaka kadhaa baadaye baba alikutana Mombasa na sajini mmoja aliyeijua tarehe, akapanda gari hadi Malindi na kutoka hapo akaenda kwa miguu hadi Mambrui kumpelekea habari, akaambiwa kwamba mama yule alikwisha kuzikwa. Mara moja tu, mwaka wa mwisho wa maisha yake, ndipo aliponiambia: "Nilianza kuandika kwa ajili ya mama yule."

Alirudi kutoka vitani na kiinua mgongo kidogo, koti la jeshi, na ujuzi wa herufi za Kirumi aliofundishwa katika madarasa ya askari. Askari Mwafrika alikuwa akilipwa pungufu ya Mzungu wa cheo chake, na wakati wanajeshi Wazungu walipokuwa wakisaidiwa kupata mashamba huko bara, wenzake baba walikuwa wakitafuta kazi ya kubeba magunia. Yeye pia aliifanya kazi hiyo bandarini Mombasa, na ndivyo mgomo mkuu wa Januari 1947 ulivyomkuta huko. Mgomo ule ulianza tarehe 13, ukawatoa kazini watu wapatao 15,000, wa bandari, wa reli, wa hoteli na wa majumbani, na kwa karibu wiki mbili mji ulisimama kwa sababu ya mishahara duni na ughali wa maisha. Wagomaji walikuwa wakikutana mahali walipopaita Kiwanja cha Maskini. Baba alisimama nyuma kabisa ya umati, mgeni asiyemjua mtu. Chege Kibachia, aliyeliongoza Shirikisho la Wafanyakazi Waafrika, alikamatwa mwaka huo huo na kupelekwa kizuizini Baringo.

Mwaka 1948 baba akapata kazi kiwandani. Mbata zililetwa kutoka mashamba ya Kilifi na Kwale, zikasagwa, zikapashwa moto, zikaingizwa kwenye mitambo ya kukamulia, mafuta yakatoka upande mmoja na mashudu upande mwingine, na mitambo yote hiyo ilizungushwa kwa mikanda mirefu iliyopita juu ya vichwa vya watu. Tuliishi chumba kimoja Majengo. Mama alikuwa akizifua nguo za baba mbali na zetu, kwa sababu harufu ya mafuta yaliyochacha haikutoka kwa sabuni ya kawaida, na hata leo nikipita palipoanikwa mbata nakumbuka saa kumi na mbili za jioni, baba akiingia mlangoni na kuvua viatu.

Alichaguliwa mwakilishi mwaka 1959, kwa mikono kuinuliwa chini ya mwembe uliokuwa nje ya lango. Watu wengi hudhani kwamba mwakilishi wa wafanyakazi ni mtu wa kupaza sauti. Kazi yenyewe, kama nilivyoiona kwa macho ya mtoto, ilikuwa ya mtu aliyemaliza saa nane kwenye mtambo wake kama wenzake, bila kulipwa senti ya ziada kwa uwakilishi, kisha akakaa kwenye mkeka nyumbani akisikiliza. Huyu amekatwa mshahara wa siku mbili na hajui kwa nini. Yule amenyimwa likizo ya kwenda kumzika mjomba wake. Mwingine ameitwa ofisini kesho naye haelewi Kiingereza cha barua aliyopewa. Baba aliwauliza wote maswali yale yale, siku gani, saa ngapi, nani alikuwapo, ulijibu nini, akayaandika kabla hajasema neno lolote la ushauri.

Aliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Herufi za Kirumi alizijua, lakini wasimamizi walikuwa na mazoea ya kupekua makoti yaliyotundikwa, na hakuna hata mmoja wao aliyeweza kusoma maandishi ya chuoni. Kila tukio lina tarehe mbili, ya ofisini na ya kwetu ya kalenda ya Kiislamu, kwa hiyo utakuta Agosti na Mfungo Sita katika mstari mmoja. Saa zote ameziandika kwa hesabu ya Kiswahili. Herufi ni ndogo, zimenyooka, na hazikufutwa mahali popote. Alipokosea alipiga mstari mmoja mwembamba ili kosa lenyewe lisomeke.

Ukurasa ninaoujua kwa moyo ni wa Agosti 1963, miezi minne kabla ya Uhuru. Kijana wa Rabai aliyeanza kazi mwaka ule alipoteza vidole vitatu vya mkono wa kulia alipokuwa akitoa mashudu yaliyoziba kwenye mtambo. Msimamizi wa zamu aliandika katika taarifa yake kwamba kijana alikuwa akicheza kazini, na taarifa hiyo kama ingesimama peke yake, fidia isingepatikana. Baba hakubishana naye. Alikwenda kwa afisa wa kazi akiwa na daftari, akamsomea maneno aliyoyaandika siku nane kabla ya ajali: kwamba kifuniko cha chuma kinachouzuia mkono usiufikie mkanda kilikuwa kimeondolewa ili usafishaji uende haraka, kwamba alimweleza msimamizi habari hiyo saa mbili na nusu asubuhi mbele ya watu wawili, ambao majina yao aliyataja, na kwamba jibu alilopewa ni "kesho." Kisha akamsomea siku saba zilizofuata. Kila siku ina neno moja tu: "Bado."

Afisa yule akauliza, na lilikuwa swali la haki, atajuaje kwamba maandishi asiyoweza kuyasoma yanasema hayo. Baba akamwomba amwite mtu yeyote wa nje aliyesoma chuoni, yeye mwenyewe akatoka na kusimama barabarani mahali ambapo hawezi kusikika. Akaitwa karani wa ofisi ya jirani, akayasoma yale yale, neno kwa neno, na zile "bado" saba akazisoma moja moja. Fidia ya kijana ilitoka baada ya miezi saba, naye akarudishwa kiwandani kwa kazi ya mizani ambayo angeweza kuifanya kwa mkono wa kushoto. Mimi nilikuwa na umri wa miaka 13. Nililipata jukumu la kuunakili ukurasa ule kwa herufi za Kirumi, kwa mwanga wa kandili, ili uingie kwenye faili la ofisi, na nikiwa mwalimu baadaye sikupata kufundisha somo la imla bila kuukumbuka usiku ule.

Haki inataka niseme pia pale aliposhindwa. Mwaka 1966 watu wa zamu ya usiku waliacha kazi ghafla kwa ajili ya malipo ya saa za ziada yaliyokuwa yamecheleweshwa mara tatu. Madai yao yalikuwa ya kweli, na baba ameandika hivyo. Lakini makubaliano yaliyotiwa saini kati ya chama na mwajiri yalitaka notisi itangulie, na aliwaambia kwamba wakitoka bila notisi watakuwa wamempa mwajiri sababu ya kuwafukuza. Wakamwita kibaraka. Mmoja wao alimtemea mate miguuni. Baba ameliandika hilo kama alivyoyaandika mengine yote, kwa tarehe mbili na saa, ila jina la aliyetema mate hakulitaja, na katika madaftari niliyokwisha kuyapitia hapo ndipo mahali pekee alipoacha jina kwa makusudi. Watu saba walifukuzwa. Baba, aliyekuwa ameupinga mgomo wao, alikaa miezi minne akizunguka kati ya ofisi ya chama, ofisi ya mwajiri na ofisi ya kazi, mpaka watano wakarudishwa. Siku ile ukurasa una mstari mmoja: "Saba walitoka, watano wamerudi. Deni ni wawili." Kila Idi, tangu mwaka ule hadi tulipohamia Malindi, alikwenda kuwasalimu wale wawili na mfuko wa mchele, na hakumchukua yeyote kati yetu kwenda naye.

Nimeyaeleza haya kwa kirefu kwa sababu historia ya vyama vya wafanyakazi wa nchi hii, pale ambapo imeandikwa, imeandikwa kwa majina ya viongozi. Tunamjua Makhan Singh, aliyewekwa kizuizini tangu 1950 hadi 1961. Tunamjua Tom Mboya, aliyekuja Mombasa wakati wa mgomo wa bandari wa Machi 1955, mgomo uliomalizika kwa nyongeza ya mshahara ya asilimia 33. Sisi wa pwani tunajivunia Juma Boy, aliyetoka katika chama cha wafanyakazi wa bandari hadi akawa katibu mkuu wa COTU, muungano wa vyama vya wafanyakazi nchini. Watu hao wanastahili kukumbukwa, nami niliwafundisha darasani kwa moyo wote. Lakini Mapatano ya Mahusiano ya Viwandani yaliyotiwa saini mwaka 1962 kati ya serikali, waajiri na vyama, na Mahakama ya Viwanda iliyoundwa mwaka 1964, visingekuwa na maana yoyote kwa kijana wa Rabai kama pasingekuwapo mtu wa zamu ile ile, aliyeshika mtambo wa pili kutoka wake, aliyeandika "bado" mara saba. Faili za Idara ya Kazi za wakati wa ukoloni zinaweza kusomwa katika Nyaraka za Taifa kule Nairobi, nazo zimeandikwa kwa jicho la afisa na la mwajiri. Jicho la tatu liko kwenye masanduku ya bati, nyumbani kwetu.

Na mambo haya hayajapitwa na wakati. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, katika kifungu cha 37, inasema kwamba kibarua akifanya kazi mfululizo kwa siku za kazi ambazo jumla yake haipungui mwezi mmoja, au akifanya kazi isiyotarajiwa kumalizika ndani ya miezi mitatu, mkataba wake unahesabiwa kuwa wa mwezi, pamoja na haki zinazofuatana nao. Kifungu cha 41 cha sheria hiyo kinamtaka mwajiri, kabla ya kumwachisha mtu kazi kwa utovu wa nidhamu au utendaji duni, amweleze sababu kwa lugha anayoielewa, naye mfanyakazi ana haki ya kuwa na mwenzake au mwakilishi wa chama wa pale kazini wakati wa maelezo hayo. Nilipokisoma kifungu hicho mara ya kwanza niliweka kitabu chini, kwa sababu niliiona kazi ya baba imeandikwa ndani ya sheria ya nchi. Sheria ya fidia kwa majeraha ya kazini, ya mwaka ule ule wa 2007, inatoa miezi 12 tangu ajali kwa mtu kuwasilisha madai yake. Ibara ya 41 ya Katiba ya 2010 inampa kila mfanyakazi haki ya kujiunga na chama na haki ya kugoma. Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi inakaa hata hapa Malindi. Basi haki zipo, na mahakama ipo. Anayekosekana katika sehemu nyingi za kazi ni yule mtu wa daftari.

Mjukuu wangu hakuwa na mwakilishi, kwa kuwa vibarua wa kiwanda kile hawakuwa katika chama chochote na wengi waliogopa hata kulitaja jambo hilo. Tulichofanya ni kukaa naye kwa usiku tatu, tukapitia ujumbe wa malipo katika simu yake, Jumamosi moja baada ya nyingine, nami nikaupanga katika daftari jipya kwa mistari ile ile aliyoitumia baba. Tulipata malipo ya wiki 57. Wiki zile za "kupumzika" zilionekana wazi kama mapengo ya meno. Shauri lake sasa liko kwa afisa wa kazi, na sipendi kulisemea zaidi kabla halijaamuliwa, ila nimefurahi kumwona akiingia ofisini na karatasi mkononi.

Kwa hiyo narudi kwenye ombi langu. Mji wetu unajua kutunza mambo ya kale. Nguzo ya Vasco da Gama, aliyefika hapa mwaka 1498 na kukaa siku chache, imelindwa vizuri, na wageni wanatoka mbali kuja kuipiga picha. Sina kinyongo na nguzo ile. Nasema tu kwamba katika Nyumba ya Nguzo, ambamo makumbusho ya Malindi yamo, kunaweza kupatikana kabati moja kwa ajili ya watu waliozaliwa hapa, wakapigana Burma, wakafanya kazi viwandani, kwenye mashamba ya mkonge, kwenye chumvi na hotelini, wakawasemea wenzao. Hakuna haja ya kunyang'anya familia mali zao: karatasi zinaweza kupigwa picha na kurudishwa kwa wenyewe siku hiyo hiyo. Vyama vya wafanyakazi navyo vina matawi na vina wastaafu. Kazi ya kuwauliza wazee hao waliweka nini nyumbani si ya kugharimu pesa nyingi. Na palipo na maandishi ya herufi za Kiarabu, kama ya baba, wasomaji wake bado tupo, ingawa tunapungua kila mwaka.

Mimi mwenyewe nimeanza. Mjukuu wangu alisoma madrasa, kwa hivyo herufi anazijua, ila hakuwa amezoea kuona Kiswahili kikiandikwa kwazo, wala hakujua namna wazee walivyoziandika *p* na *ch* na *g*. Sasa kila Ijumaa baada ya sala anakuja, anasoma kwa sauti, na mimi nanakili. Tumemaliza madaftari manne na tuko katika la tano, ambalo ndilo la mwaka 1966, na ndilo lililokuwa kwenye pembe ya sanduku iliyoingiliwa. Ukurasa wa orodha ya wale saba umeliwa upande wa chini. Majina ya watano waliorudishwa yanasomeka. Kati ya wale wawili ambao baba aliandika kwamba ni deni, mmoja namkumbuka, kwa sababu mkewe alikuwa shoga yake mama. Wa pili nimemsahau kabisa, ingawa naamini alikuwa mtu wa Takaungu na kwamba alihamia Tanga baadaye. Ikiwa yupo msomaji ambaye baba yake au babu yake alifukuzwa katika kiwanda cha mafuta ya nazi Mombasa mwaka huo, zamu ya usiku, naye akawa akitembelewa kila Idi na mzee mrefu mwenye koti la jeshi aliyekuja peke yake, namwomba amwandikie mhariri, ambaye anwani yangu anayo, ili jina lile nilirudishe mahali pake.

Mwalimu mstaafu,
Shela, Malindi